Mhadhara na uzinduzi wa kitabu katika ulimwengu pepe: Second Life, OpenSimulator, Hubs au WorkAdventure?

Kwa mhadhara mtupu, ambapo mmoja anasema na wengine wanasikiliza, kikao cha kawaida cha video kinatosha. Zoom, Jitsi au BigBlueButton zitaifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, na hata mwenye simu ya zamani ataingia. Shida huanza pale mshereheshaji anaposema "asanteni kwa kuja". Kwenye kikao cha video watu wote hutoweka papo hapo. Kwenye ukumbi halisi, hapo ndipo shughuli inapochangamka: wawili wanabaki wakibishana juu ya hoja ya sura ya tatu, mwanafunzi anamvizia profesa karibu na mlango, foleni ya saini inajipanga mbele ya meza ya vitabu, na mchapishaji anabadilishana namba na mwenye duka.

Ulimwengu pepe unairudisha saa hiyo. Mgeni ana avata, yaani umbo la kuchorwa linalomwakilisha, avata ina mahali iliposimama, na anayesikika ni yule aliye karibu nawe. Vikundi vitano vinaweza kuzungumza katika ukumbi mmoja bila kuingiliana, na mtu akahama kutoka kimoja hadi kingine bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Ikiwa hiyo saa ya baadaye huihitaji, okoa fedha na nguvu zako, fanya kikao cha video. Ikiwa unaihitaji, huu ni ulinganisho wa njia nne kwa anayepanga shughuli ya Kiswahili yenye wageni 30 hadi 80, wengine wakiwa Dar es Salaam na Nairobi, wengine Muscat, Lubumbashi, Bayreuth au Washington.

Hesabu simu kwanza

Tuma swali moja pamoja na mwaliko: "Utaingia kwa simu au kwa kompyuta?" Majibu yatakumalizia nusu ya uamuzi. Second Life na OpenSimulator huingiwa kwa programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta, yenye RAM ya GB 8 au zaidi ikiwa hutaki mgeni ateseke, na kadi ya michoro inayojiweza. Linden Lab, wenye Second Life, wana programu yake ya simu, lakini bado ni changa mno kuitegemea siku ya shughuli. Hubs na WorkAdventure huingiwa kwa kivinjari: mgeni anagusa kiungo, anaandika jina, anaruhusu maikrofoni, yumo ndani.

Kipimo chetu ni hiki: ikiwa zaidi ya theluthi ya waalikwa wamejibu "simu", usiwapeleke Second Life wala OpenSimulator. Watakaofika watakuwa wale wale waliozoea kompyuta, na mwandishi atabaki kuvisomea viti.

Swali la pili ni la mahali penyewe. Unataka ukumbi wa jioni moja, au unataka makao ambayo mwezi ujao kutakuwa na mhadhara mwingine palepale? Kwa jioni moja, kila saa unayotumia kujenga ni hasara. Kwa mfululizo wa mihadhara, gharama ile ile inagawanyika na kuwa ndogo.

Second Life: ukumbi uliokwisha zoeleka

Second Life ilifunguliwa na Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003, na mihadhara imo humo tangu miaka ya mwanzo. Kurt Vonnegut alihojiwa humo mwaka 2006 mbele ya hadhira ya avata, William Gibson akaitumia mwaka 2007 kutangaza riwaya yake mpya, na wanaastronomia waliendesha humo taasisi yao, MICA, iliyokuwa ikitoa mihadhara kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo vifaa vya ukumbi vimeshatengenezwa na vinauzwa au kugawiwa bure: viti vinavyomkalisha mgeni kwa kubofya mara moja, mimbari, skrini ya slaidi, meza ya vitabu. Huhitaji kujua kujenga.

Ardhi hugawanywa katika visiwa vya mita 256 kwa 256. Kisiwa kizima hupokea avata 100 kwa kawaida, kile cha daraja la chini hupokea 20 tu. Kukodi kisiwa kizima ni zaidi ya dola 200 kwa mwezi, mzigo usiobebeka kwa idara nyingi, lakini hulazimiki. Kundi la wasomi au maktaba ambayo tayari ina kisiwa huweza kukuazima ukumbi kwa jioni moja. Uliza mambo matatu: kisiwa kinapokea watu wangapi, nani ana uwezo wa kukizima na kukiwasha upya, na nani anaweza kumfukuza mvurugaji. Mwenye uwezo huo asipokuwepo usiku wa shughuli, ukumbi haukufai hata ukiwa mzuri kiasi gani.

Idadi ya 100 ni ya karatasini. Avata zikizidi 50 utaona watu wanaanza kutembea kama wanakanyaga matope. Sababu kubwa ni mavazi na mapambo: nywele zenye vipande maelfu, na vifaa vyenye skripti (programu ndogo ndani ya kitu) ambavyo seva lazima iendelee kuviendesha hata mgeni akiwa ameketi kimya. Waombe wageni wavue vyote visivyohitajika, nawe mwenye kisiwa ukiwashe upya saa moja kabla ya shughuli ili kumbukumbu ya seva iwe tupu. Ukitarajia watu zaidi ya 80, tumia mbinu ya kona nne: jukwaa linajengwa mahali visiwa vinne vinapokutana, na hadhira inaketi kila kundi kwenye kisiwa chake. Wote wanaona jukwaa moja, lakini mzigo unabebwa na visiwa vinne. Kumbuka maandishi ya kawaida husomeka umbali wa mita 20 tu, na yale ya kupaza sauti mita 100, kwa hiyo maswali yaandikwe kwenye gumzo la kundi ulilolisajili mapema.

Slaidi ndizo huharibu mihadhara mingi humo, na kosa ni lile lile kila mara. Mtu anaweka ukurasa wa wavuti juu ya skrini, akidhani wote wataona anachoona yeye. Kila mgeni anafunguliwa kivinjari chake mwenyewe ndani ya skrini ile. Mmoja yuko slaidi ya nne, mwingine bado ya kwanza, wa tatu amezima kabisa uchezaji wa media. Njia salama ni kuzigeuza slaidi kuwa picha. Zihifadhi kwa pikseli 1024 kwa 1024, hata kama zitaonekana zimebanwa, kisha ziweke kwenye skrini yenye uwiano wa 16 kwa 9: skrini itazinyoosha zirudi umbo lake, na herufi zitabaki kali. Kupakia picha moja ya ukubwa huo ni dola 10 za Linden, fedha ya ndani ya Second Life. Slaidi 30 ni 300, yaani dola ya Marekani moja na ushee.

Hata hapo kuna mtego. Mtoa mada anabonyeza, skrini inageuka kijivu, na picha inajichora polepole kwa sekunde kumi kwa mwenye mtandao dhaifu. Dawa yake ni kibao kidogo, cha ukubwa wa kiganja, kilichofichwa nyuma ya skrini upande ambao bado unaelekea hadhira. Kibao hicho huonyesha slaidi inayofuata wakati skrini kubwa inaonyesha ya sasa. Kompyuta za wageni zinaipakua bila wao kujua, na zamu yake ikifika inatokea papo hapo. Skrini nyingi nzuri za kununua zina kibao hicho tayari. Jaribu kwanza kabla ya kulipa.

Kwenye sauti, mlalamikaji wa kwanza atakuwa mgeni anayesema "simsikii" ilhali wenzake wanasikia. Mara nyingi amesogeza kamera yake mbali ili kuutazama ukumbi, na programu yake imepangwa kusikiliza kutoka kwenye kamera. Abadilishe mpangilio usikilize kutoka kwenye avata. Mlalamikaji wa pili atakuwa chuoni: mitandao mingi ya vyuo hufunga milango ya UDP, yaani njia za data zenye namba, na Second Life inahitaji ile ya 12000 hadi 29999. Mhadhiri atakayezungumza akiwa ofisini ajaribu kutoka ofisi hiyo hiyo wiki moja kabla. Akishindwa, asubiri kuzungumza akiwa nyumbani.

Umri wa kawaida wa kujiunga ni miaka 16, kwa hiyo uzinduzi wa kitabu cha watoto utafute kwingine.

OpenSimulator: nyumba yako mwenyewe

OpenSimulator ni programu huria iliyoanza mwaka 2007. Inatoa ulimwengu unaofanana na Second Life, ila seva ni yako. Tangu 2013 jamii yake hufanya kongamano la kila mwaka ndani ya OpenSimulator yenyewe, ushahidi tosha kwamba mhadhara mkubwa unawezekana. Kwa ukumbi mmoja wa watu 40, kodi seva yenye viini viwili na RAM ya GB 4 hadi 8, fungua mlango 9000 kwa TCP na UDP, weka .NET (programu ya Microsoft ambayo OpenSimulator huitegemea), na uanze na mpangilio wa seva moja inayojitegemea. Usiiweke nyumbani. Mtandao wa simu na wa majumbani hapa kwetu mara nyingi hukuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya IP, na wageni wa nje hawatakufikia hata ukihangaika usiku kucha na ruta.

Faida yake kubwa ni umiliki. Kupakia picha ni bure, ardhi haina kodi, na amri moja, `save oar ukumbi.oar`, inahifadhi kisiwa chote katika faili unaloweza kulibeba kwenda seva nyingine. Second Life haikupi hilo: kitu ulichonunua kwa mtengenezaji kinabaki humo.

Hasara zake ni mbili na usizidharau. Ya kwanza ni sauti. OpenSimulator haiji na sauti iliyo tayari. Lazima uunganishe moduli ya pembeni, kazi ya fundi anayejua anachofanya. Wengi huishia kufungua Jitsi pembeni, na hapo ile faida ya kusikia jirani yako inapotea. Ya pili ni mlango wa kuingilia. Firestorm, programu inayotumiwa zaidi, ina toleo la Second Life pekee na toleo la OpenSimulator. Mgeni akipakua lisilo lake atatafuta jina la ulimwengu wako bila kuliona, atakata tamaa, hatakuambia. Mtumie kiungo cha faili lenyewe, usimtumie ukurasa wa kuchagua. Tengeneza akaunti kwa `create user` siku tatu kabla, kila mtu apate majina yake mawili na nywila kwa ujumbe wa simu. Usimwache ajisajili jioni ya shughuli.

Tungeichagua kwa hali moja hasa: kitabu kinapohusu mahali. Fikiria uzinduzi wa utafiti juu ya Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, au juu ya nyumba za mawe za Lamu, ambapo wageni wanatembea ndani ya kinachozungumzwa. Hapo ulimwengu wa 3D unastahili kila shilingi. Ila mjenzi ajue jambo hili. Vyumba vya nyumba ya mawe ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, na havizidi sana mita 3. Kamera ya avata hukaa mita kadhaa nyuma ya kisogo chake. Ukijenga chumba kwa vipimo halisi, kamera inatoboa ukuta na mgeni anaona upande wa nje wa nyumba badala ya vidaka vya plasta alivyokuja kuvitazama. Wajenzi huongeza vipimo kwa thuluthi hadi nusu. Kwa kitabu cha kitaaluma hilo ni suala la ukweli wa takwimu, kwa hiyo bandika kibao mlangoni kinachosema jengo limekuzwa kwa kiasi gani, au acha vipimo halisi na uwafundishe wageni kutazama kwa macho ya avata. Kwenye Firestorm ni herufi M.

Hubs: kiungo tu, lakini nani ataiendesha?

Mozilla ilianzisha Hubs mwaka 2018, na kwa miaka kadhaa ilikuwa njia nyepesi kuliko zote ya kumwingiza mtu kwenye chumba cha 3D kwa kivinjari. Tarehe 31 Mei 2024 Mozilla ilifunga seva zake. Programu yenyewe ni huria na sasa inalelewa na Hubs Foundation, lakini ukitaka chumba chako utahitaji mtu anayeijua Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva, au kukodi kwa anayeiendesha tayari.

Chumba kimoja kinabeba watu wapatao 25. Zaidi ya hapo fungua vyumba viwili, na cha pili kipate matangazo ya moja kwa moja. Jenga mandhari yasiyozidi MB 16, la sivyo kivinjari cha simu kitajaa kumbukumbu na ukurasa utajifungua upya katikati ya hotuba, na mgeni atadhani ametolewa.

Uzuri wake ni PDF: unaiburuta chumbani, inasimama hewani, na ukigeuza ukurasa wote wanaona huo huo. Ubaya wake uko hapo hapo. Kitu alichokileta mtu huondoka naye. Mtoa mada akikatikiwa na mtandao sekunde tano, slaidi zake zinatoweka pamoja na avata yake. Kila PDF ibandikwe kabla ya kuanza kwa kitufe cha kubandikia, na mwenye chumba ndiye aibandike.

WorkAdventure: ramani bapa, watu wengi

Hii haina 3D. Ni ramani inayotazamwa kutoka juu, kama michezo ya video ya zamani, na avata ni katuni ndogo. Ilizaliwa Ufaransa mwaka 2020 wakati wa korona, na Desemba mwaka huo huo Chaos Computer Club ya Ujerumani ikaitumia kwa kongamano lake la mtandaoni, rC3. Ukikaribia mtu, video na sauti zenu zinafunguka, ukiondoka zinafungwa. Kwa uzinduzi wa Kiswahili wenye wageni wa simu, hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza, hata kama haipendezi machoni kama zile nyingine.

Ramani huchorwa kwa Tiled, programu ya bure, kwa vigae vya pikseli 32 kwa 32. Ukumbi wa vigae 40 kwa 30 unawatosha watu 60. Juu weka jukwaa kama eneo la msemaji, mbele yake eneo la wasikilizaji. Pembeni weka meza sita za mazungumzo, meza ya vitabu, na varanda.

Kosa la kwanza la kila mchoraji mpya ni kuacha viti vya hadhira bila kuvifanya eneo la kimya. Wageni wanaketi karibu, kiputo cha mazungumzo kinafunguka chenyewe kati yao, na mhadhara unaendelea huku safu ya pili wakisikilizana wao kwa wao. Eneo lote la viti lipe sifa ya `silent`. Kosa la pili ni njia nyembamba. Kwa mpangilio wa kawaida kiputo hufunguka umbali ukiwa pikseli 64, yaani vigae viwili. Ukichora ujia wa vigae viwili, kila anayepita atajikuta ameingia kwenye mazungumzo ya waliosimama. Ujia uwe wa vigae visivyopungua vinne, na meza zitengane kwa vigae vitano.

Kiputo kwa kawaida kinachukua watu wanne, na sababu yake ifahamike, kwa kuwa inagusa bando. Ndani ya kiputo kila mtu humtumia mwenzake moja kwa moja. Mkiwa wanne, simu yako inatuma nakala tatu na kupokea tatu. Kwa video ya kilobiti 500 kwa sekunde, hiyo ni megabiti 3 zikipita kila sekunde, karibu GB 1.35 kwa saa. Mkizima kamera na kubaki na sauti ya kilobiti 40, saa nzima inakula kama MB 108. Tangaza mapema: kamera ya msemaji tu iwake, wengine sauti. Kwa meza inayotaka watu wanane, ifanye chumba cha Jitsi, maana hapo kila mtu anatuma mara moja tu kwa seva na seva ndiyo inayogawa.

Ukiiendesha kwenye seva yako, usisahau coturn, seva ya kupokezana inayopitisha sauti na video pale simu mbili zisipoweza kufikiana moja kwa moja, kwenye mlango 3478 na pia 443 kwa TLS (njia iliyosimbwa). Bila hiyo, wawili walio kwenye mitandao ya simu watasimama uso kwa uso, kiputo kitafunguka, na hakuna atakayemsikia mwenzake. Kwenye majaribio utaona kila kitu kiko sawa kwa sababu ninyi nyote mko kwenye Wi-Fi moja. Jaribu kwa simu mbili za mitandao tofauti, Wi-Fi imezimwa.

Shairi, utepe na saini

Uzinduzi wetu una mambo yake: mgeni rasmi, mhakiki, salamu za mchapishaji, shairi au utenzi, kufunua kitabu. Mengi yanahamia vizuri. Moja halihamii kirahisi, nalo ni la kuimbwa.

Programu za sauti zina kichujio cha kelele kilichofundishwa kutambua mazungumzo. Malenga anapovuta silabi ya mwisho ya mshororo kwa sekunde tatu, kichujio kinaiona sauti isiyobadilika, kama ya feni, na kuifuta. Wageni wanasikia kina kinakatika, wanadhani mtandao mbovu. Kabla ya zamu yake, kichujio cha kelele na cha mwangwi vizimwe kwenye kifaa chake, naye avae visikilizio ili sauti ya ukumbi isirudi kwenye maikrofoni. Kiitikio cha pamoja kisijaribiwe. Kila sauti inachelewa kwa kiasi chake, na watu kumi wakiitikia unapata fujo. Waitikie kwa maandishi au kwa alama za makofi, na mwitikiaji mmoja mwenye maikrofoni awe katika chumba kimoja na malenga.

Kufunua kitabu kunawezekana kote. Second Life na OpenSimulator, funika jalada kubwa kwa kitambaa chenye skripti fupi: mgeni rasmi akikigusa, uwazi wake unapanda hadi hakionekani. WorkAdventure, chora kitambaa kama tabaka la juu la ramani na ulifiche kwa `WA.room.hideLayer` mgeni rasmi anapokanyaga kigae ulichokichagua. Mwonyeshe kigae chenyewe siku ya mazoezi. Mgeni rasmi asiyejua pa kukanyaga atazunguka jukwaa dakika nzima mbele ya hadhira.

Kwenye meza ya vitabu weka mambo matatu katika bango moja: bei ukiwa Tanzania, ukiwa Kenya na ukiwa nje, namba ya malipo ya simu, na fomu fupi ya anwani. Muuzaji asimame pale kwa avata yake tangu mwanzo hadi mwisho, bango lisiachwe peke yake. Kwa saini, mwandishi asaini karatasi ndogo za kubandika ndani ya jalada, akiandika jina la mnunuzi huku akizungumza naye mezani. Karatasi hizo zinakwenda kwa mchapishaji kwa bahasha moja, naye anazibandika kabla ya kutuma vitabu. Weka dakika tatu kwa kila mnunuzi, maana watu hawakuja kwa saini pekee.

Saa, mazoezi na njia ya dharura

Ukiandika "saa 2 usiku" kwenye mwaliko, aliye Minneapolis anaweza kuielewa kuwa ni usiku wa manane. Andika saa ya Kiswahili pamoja na ile ya tarakimu 24, kisha miji. Saa 2:00 usiku Dar es Salaam na Nairobi (20:00) ni 21:00 Muscat, 19:00 Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, 18:00 Kinshasa. London ni 17:00 majira ya baridi na 18:00 ya joto, New York 12:00 au 13:00. Saa hiyo ndiyo inayowafaa wengi. Ukisogeza hadi saa 4 usiku ili kumfurahisha aliye California, umempoteza Muscat. Angalia pia wiki za Machi na za mwisho wa Oktoba, kwa kuwa Marekani na Ulaya hazibadilishi saa siku moja.

Mazoezi mawili: la kwanza siku saba kabla, kwa wasemaji wote, kila mmoja kutoka kwenye kifaa na mahali atakapotumia siku yenyewe, la pili siku moja kabla, dakika 30, slaidi na sauti tu. Fungua ukumbi dakika 45 kabla ya wakati. Weka watu wanne wenye kazi moja moja: mshereheshaji, fundi wa ukumbi, mpokeaji mlangoni ambaye yuko pia kwenye simu, na anayerusha matangazo kwenda YouTube kwa programu ya OBS. Namba ya huyo mpokeaji ndiyo muhimu kuliko zote kwenye mwaliko, kwa kuwa aliyekwama nje hawezi kuuliza aliye ndani. Matangazo ya YouTube huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo maswali kutoka huko yakusanywe na kusomwa kwa pamoja.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na majirani. Hakuna ukumbi pepe unaostahimili siku kama hiyo. Andaa laini ya sauti tupu, ya kikao cha kawaida, ambayo kiungo chake kimeshatumwa kwa wote. Mzungumzaji mmoja kwa sauti tu anakula kama MB 18 kwa saa, na hata mtandao uliopooza huweza kuubeba mzigo huo. Hotuba ya mhakiki irekodiwe mapema na ihifadhiwe kwa fundi aliye nje ya eneo lililoathirika.

Shughuli ikiisha, usiondoke na video peke yake. AltspaceVR ya Microsoft ilifungwa Machi 2023, na kumbi zilizojengwa humo zikaenda nayo. Hifadhi faili la OAR ikiwa ni OpenSimulator, faili za ramani na picha za vigae ikiwa ni WorkAdventure, mandhari ya GLB (faili la 3D) ikiwa ni Hubs. Ikiwa ni Second Life, hifadhi slaidi, picha za ukumbi na orodha ya vifaa na watengenezaji wake. Gumzo la maandishi linakilishwe usiku huo huo, kabla ya yeyote kufunga dirisha: maswali ambayo mwandishi hakupata muda wa kuyajibu yamo humo, na atayataka.